Wastani mmoja, hatari mbili: mchuuzi wa Mbulu na Hanang apime nini?

Na Mwandishi Wetu, Katesh

SWALI linaloulizwa zaidi na wachuuzi wa nafaka ni moja tu: bei ya wastani ikoje sokoni? Ni swali zuri. Hata hivyo, wiki hii mwandishi anaomba kusema wazi kwamba swali hilo likiulizwa peke yake linaweza kumfilisi mtu mwenye mtaji mdogo. Yapo mengine mawili ya kuuliza. Kwanza, bei hupanda na kushuka kwa kiasi gani kuzunguka wastani huo? Pili, tofauti ninayoiona kati ya soko hili na lile ni ya kweli, au ni bahati ya wiki chache tu?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipomaliza shahada ya biashara, mama mdogo, ambaye ni mchuuzi wa mahindi katika ukanda huu, aliniletea daftari lake la bei. “Mwanangu, wewe umesomea mambo haya,” aliniambia. “Nibaki soko la barabarani au nihamie la kule juu?”

Nilijumlisha bei za kila soko, nikagawa, wastani ukalingana. Kwa kuwa ushuru na gharama ya kubeba vilikuwa nafuu katika soko la juu, nikamjibu: “Mama, hamia.” Akahamia. Wiki ya tatu mvua ilinyesha, malori hayakupanda, akauza kwa hasara ili awahi rejesho la kikundi. Wiki ya tano ikawa hivyo hivyo. Kabla ya msimu kwisha mtaji wake ulibaki nusu, akarudi kuuza kwa debe.

Bei ya wastani ya msimu ule haikuwa mbaya, na hesabu yangu ya kujumlisha na kugawa ilikuwa sahihi. Kosa ni kwamba nilipima kitu kimoja mahali palipohitaji vipimo viwili. Kipimo cha pili nilifundishwa darasani, nikakifanyia mtihani, nikafaulu, kisha nikakiacha huko huko chuoni.

WILAYA MBILI, NJIA MBILI

Wilaya ya Hanang ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969, na tangu mwaka 2002 zote zimo katika Mkoa wa Manyara. Mazao yake yanafanana kwa sehemu kubwa: mahindi, maharage, ngano, mbaazi na mifugo, huku Mbulu ikijulikana nchini kwa vitunguu saumu na Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970.

Pamoja na kufanana huko, masoko yake hayafikiki kwa namna moja. Katesh iko kwenye barabara kuu ya lami inayotoka Singida kwenda Babati. Lori la mnunuzi wa Arusha au Dar es Salaam hupita hapo kiangazi na masika. Katika vilima vya Mbulu lami imefika kwa vipande vipande, na minada mingi ya ndani, iwe Mbulu au Hanang yenyewe, bado inategemea njia za udongo. Jua likiwaka, malori huja mengi kwa siku moja na bei hupanda. Mvua ikinyesha, yanakuja mawili au hayaji kabisa, na aliyekwisha kushusha magunia yake kutoka kwa punda au trekta hana pa kuyapeleka. Anauza kwa bei atakayopewa.

Wazee wa biashara watakumbuka kwamba mambo hayakuwa hivi wakati wote. Katika miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikitangaza bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, na mnunuzi halali alikuwa Shirika la Taifa la Usagishaji. Kwa bei ile rasmi mkulima wa mlimani na wa barabarani walilipwa sawa, na gharama ya umbali ilibebwa na shirika. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilifunguliwa hatua kwa hatua. Soko huria limeleta wanunuzi wengi na bei bora katika wiki nzuri. Lakini mzigo wa kupanda na kushuka kwa bei ulitoka mabegani mwa shirika ukahamia kwa mkulima na mchuuzi. Ndiyo maana kuupima mzigo huo ni kazi yetu sisi, si ya wataalamu wa wizarani peke yao.

HESABU YA MFANO

Tuchukue masoko mawili ya kubuni. Moja tuliite Soko la Lami, la pili Soko la Vumbi. Namba zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko lolote. Ni bei za gunia la kilo 100 za mahindi, kwa maelfu ya shilingi, kwa wiki 10 zile zile:

Soko la Lami: 68, 72, 70, 69, 71, 73, 67, 70, 72, 68.
Soko la Vumbi: 61, 78, 68, 74, 63, 79, 66, 73, 68, 70.

Jumlisha kila mstari, utapata 700. Gawa kwa 10, wastani ni shilingi 70,000 katika masoko yote mawili. Hapo ndipo mimi niliposimama na daftari la mama mdogo.

Sasa tuendelee. Kwa kila wiki toa wastani kwenye bei, kisha zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe ili alama ya kutoa isitusumbue. Wiki ya kwanza ya Lami: 68 kutoa 70 ni pungufu ya 2, na 2 mara 2 ni 4. Ukimaliza wiki zote, jumla ya Lami ni 36 na ya Vumbi ni 324. Gawa kila jumla kwa 9, yaani idadi ya wiki ukitoa moja, kwa sababu wastani wenyewe umetokana na bei hizo hizo. Lami inapata 4, Vumbi inapata 36. Namba hizi ndizo wataalamu wanaziita variansi, nasi tunaweza kuziita kipimo cha mtawanyiko. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, na cha 36 ni 6. Kwa lugha ya sokoni, bei ya Lami huchepuka kutoka kwenye wastani kwa kiasi cha shilingi 2,000, na ya Vumbi kwa shilingi 6,000.

Je, hilo lina uzito gani kwa mfuko wa mtu? Tuseme mchuuzi hupeleka magunia 100 kila wiki, na kila gunia limemgharimu 64,000 pamoja na usafiri. Kwa wiki 10 faida yake ni 6,000,000 popote atakapouza. Tuseme pia ana mkopo wenye rejesho la 300,000 kwa wiki. Katika Soko la Lami wiki mbaya kuliko zote, ya bei ya 67,000, inampa faida ya 300,000. Rejesho linatoka. Katika Soko la Vumbi wiki ya kwanza tu, kwa bei ya 61,000, anapata hasara ya 300,000, na rejesho linamsubiri. Anahitaji 600,000 kutoka mfukoni kabla hata hajazoea soko. Wiki ya tano anapata hasara tena, na wiki ya saba faida haitoshi rejesho. Wiki 3 kati ya 10 anakwama.

Tajiri mwenye akiba ataona masoko haya ni sawa, na pengine atalipenda Vumbi kwa sababu ya zile wiki za 78,000 na 79,000. Asiye na akiba hatafika kwenye wiki hizo. Kwa hiyo mtawanyiko wa bei si jambo la kitaaluma tu, ni jambo la nani atabaki sokoni na nani atatoka.

TOFAUTI NI YA KWELI AU NI BAHATI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa upande wa pili. Mchuuzi anaona wiki 5 mbaya katika soko fulani, anatangaza kwa wenzake kwamba soko lile halina msimamo, na wote wanalikimbia. Huenda soko halina kosa. Wiki chache zinaweza kutawanyika kwa bahati tu, kama vile mtu anavyoweza kurusha sarafu na kupata kichwa mara nne mfululizo.

Kwa ajili hiyo kuna jaribio maalumu. Mwingereza Ronald Fisher ndiye aliyeleta neno variansi mwaka 1918, na kuanzia mwaka 1919 alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ambako kulikuwa na majaribio ya muda mrefu ya ngano na mbolea. Mwaka 1934 Mmarekani George Snedecor aliipa jaribio hilo herufi F kwa heshima ya Fisher. Msomaji wa Hanang asidhani basi kwamba haya ni mambo ya mbali, kwani hesabu hizi zilikuzwa shambani, tena kwa kiasi kikubwa katika shamba la ngano.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Unaanza kwa kudhani kwamba masoko yote mawili yana mtawanyiko ule ule, na kwamba tofauti uliyoiona ni ya bahati. Kisha unagawa variansi kubwa kwa ndogo. Masoko yakiwa sawa, jibu halitakuwa mbali na 1. Likizidi mpaka fulani, dhana ya usawa inakataliwa. Mpaka huo unategemea idadi ya wiki ulizoandika. Kwa kukubali kukosea mara 5 kati ya 100 pale ambapo masoko kweli hayatofautiani, mipaka ni hii:

Wiki 6 kwa kila soko: 7.15.
Wiki 10 kwa kila soko: 4.03.
Wiki 31 kwa kila soko: 2.07.
Wiki 61 kwa kila soko: 1.67.

Katika mfano wetu 36 gawa kwa 4 ni 9. Wiki ni 10, mpaka ni 4.03. Tofauti imepita mpaka, na tunaweza kusema Soko la Vumbi kweli linatawanyika zaidi.

Lakini angalia ile orodha kwa makini. Tuseme variansi ya soko moja ni 9 na ya jingine ni 4. Mgawanyo ni 2.25. Kwa wiki 10 hiyo haitoshi kuhukumu. Kwa wiki 31 inatosha. Tofauti ni ile ile, kilichobadilika ni urefu wa daftari. Mchuuzi anayeandika bei kwa mwezi mmoja na nusu hana haki ya kulisema soko vibaya mpaka aone tofauti ya zaidi ya mara saba. Anayeandika mwaka mzima huitambua hatari ndogo mapema.

Aidha, jaribio likishindwa kuonyesha tofauti halijasema masoko ni sawa. Hakimu akimwachia mshtakiwa kwa kukosa ushahidi hajatangaza kwamba mtu yule ni malaika. Nimeona watu wenye shahada wakiandika “masoko yana hatari sawa” baada ya kupima wiki 6. Walichopaswa kuandika ni “wiki hazitoshi.”

WIKI MOJA INAPOHARIBU HESABU

Jaribio la F lina udhaifu ambao mtu wa sokoni lazima aujue. Linadhani kwamba bei hutawanyika kwa umbo la kengele, yaani nyingi karibu na wastani na chache sana mbali. Bei za mazao hazina adabu hiyo kila wakati. Huruka.

Turudi Soko la Lami. Tuseme wiki ya sita bei haikuwa 73 bali 93, kwa sababu njia ilikatika na nafaka haikuingia mjini. Wiki nyingine 9 zibaki vile vile. Wastani unapanda hadi 72, na variansi inaruka kutoka 4 hadi 57.3. Ghafla Soko la Lami linaonekana la hatari kuliko la Vumbi lenye 36, ingawa wiki 9 kati ya 10 limetulia kama lilivyokuwa.

Mambo kama hayo hutokea kweli, hata kwenye lami. Desemba 3, 2023 maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu ya mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Biashara ya wiki kama hiyo haiwezi kuhesabiwa kama wiki ya kawaida ya mnada, wala haifai kufutwa kana kwamba haikuwapo.

Kwa hali hiyo wataalamu walitafuta njia isiyoyumbishwa na wiki moja. Howard Levene mwaka 1960 alipendekeza kupima umbali wa kila bei kutoka kwenye wastani bila kuuzidisha kwa wenyewe, na mwaka 1974 Morton Brown na Alan Forsythe wakapendekeza umbali huo uanzie kwenye bei ya kati, yaani ile inayoangukia katikati ukizipanga bei kutoka ndogo hadi kubwa. Kwa Soko la Lami bei ya kati ni 70, na inabaki 70 hata baada ya kuingiza ile 93. Umbali wa wastani ulikuwa 1.6, na baada ya ile wiki ya ajabu ni 3.6. Kwa Vumbi ni 4.8. Mpangilio haukugeuka: Vumbi bado iko juu. Hata hivyo pengo la 3.6 na 4.8 ni dogo mno kwa wiki 10, na jaribio lenyewe linakataa kutoa hukumu. Hapo mchuuzi mwenye busara anaacha kalamu na kuuliza: wiki ya sita kulitokea nini, na kinaweza kujirudia?

Yapo mengine matatu ya kuangalia kabla ya kugawa variansi.

La kwanza ni gunia lenyewe. Gunia la lumbesa si gunia la kilo 100, na sheria ya vipimo inalikataza. Soko lenye lumbesa litaonekana lina bei inayoyumba, kumbe kinachoyumba ni uzito. Andika bei kwa kilo, baada ya kupima kwenye mizani.

La pili ni msimu. Mahindi hushuka wakati wa mavuno na kupanda kadiri maghala yanavyokauka. Kupanda huko kunatarajiwa, si hatari ya ghafla. Ukilinganisha wiki za mavuno za soko moja na wiki za njaa za soko jingine umelinganisha misimu, si masoko. Tumia wiki zile zile kwa masoko yote mawili, na ikiwa daftari ni la miezi mingi, pima badiliko la bei kutoka wiki hadi wiki badala ya bei yenyewe.

La tatu ni ujirani. Jaribio la F linadhani masoko mawili hayahusiani, ilhali masoko jirani hupanda na kushuka pamoja. Mwaka 1939 Pitman na Morgan, kila mmoja kwa wakati wake, walionyesha njia ya kupita hapo. Kwa kila wiki jumlisha bei za masoko mawili, kisha toa moja kwenye nyingine. Kama mtawanyiko ni sawa, zile jumla na zile tofauti hazitakuwa na uhusiano. Katika mfano wetu wa mwanzo uhusiano wake ni 0.85, wakati mpaka kwa wiki 10 ni 0.63. Hukumu inabaki ile ile: Vumbi inatawanyika zaidi.

BEI ILIYOLALA

Wawekezaji wadogo wa hisa wasidhani kwamba habari hii ni ya wauza mahindi tu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo Aprili 1998, na tangu hapo swali la mwenye akiba ndogo limekuwa lile lile: hisa gani inalipa zaidi kwa wastani? Anayenunua hisa kwa fedha za ada ya mtoto anapaswa kuuliza pia zinatawanyika kiasi gani, kwa sababu siku ya ada haisubiri bei ipande.

Lakini kuna mtego. Hisa ambayo haijanunuliwa wala kuuzwa kwa wiki nyingi itaonyesha bei ile ile wiki zote hizo. Variansi yake itakuwa sifuri, na mtu atasema ni salama kabisa. Si salama, imelala. Siku utakapotaka kuuza ndipo utakapojua bei yake.

Jambo hilo hilo liko mnadani. Wiki ambayo njia imekatika na hakuna lori lililofika, mara nyingi daftari huachwa tupu, kwa kuwa hakuna bei ya kuandika. Wiki ile mbaya kuliko zote ndiyo inayokosekana kwenye hesabu, na Soko la Vumbi linaonekana tulivu kuliko lilivyo. Mama mdogo alikuwa na mistari mitupu kama hiyo katika daftari lake. Mimi niliiruka.

Jaribio lolote, aidha, huangalia nyuma. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Wakulima na wachuuzi wa Manyara waliokuwa wamezoea mnunuzi huyo waliona bei ikiporomoka kwa namna ambayo daftari la misimu iliyotangulia lisingeweza kuitabiri. Masoko yote yaliyouza mbaazi yaliumia pamoja, la lami na la vumbi. Kulinganisha mtawanyiko kunakusaidia kuchagua kati ya masoko mawili. Hakukukingi na uamuzi wa serikali ya mnunuzi.

MAONI YETU

Mwandishi anatoa hoja tatu.

Kwanza, mchuuzi aandike. Daftari la shilingi chache, safu mbili, bei kwa kilo kila siku ya mnada, na pale ambapo hakuna lori aandike “hakuna mnunuzi” badala ya kuacha nafasi. Baada ya wiki 31 atakuwa na kitu cha kupimia. Asiyependa kugawa kwa mkono anaweza kumwomba kijana mwenye kompyuta, kwani programu ya Excel ina kazi iitwayo F.TEST. Ikitoa namba iliyo chini ya 0.05, tofauti imepita mpaka. Lakini kijana huyo aonyeshwe kwanza wiki za ajabu na mistari mitupu.

Pili, vikundi vya kukopeshana viache kupanga rejesho kwa kuangalia faida ya wastani. Mkopaji anayeuza katika soko linalotawanyika anahitaji rejesho la mwezi badala ya wiki, au awe na akiba ya kufidia wiki mbili mbaya kabla hajapewa fedha. Kumnyima mkopo si haki, na kumpa kwa masharti ya mtu wa barabarani ni kumwandalia mnada wa mali zake.

Tatu, halmashauri zinazokusanya ushuru katika minada hii zitoe bei za kila mnada, kila wiki, kwa kilo, zibandikwe mahali pa wazi. Bei moja ya mkoa mzima inamsaidia anayenunua akiwa Dar es Salaam. Haimwambii mchuuzi lolote kuhusu tofauti ya Dongobesh na Katesh, na ndani ya bei hiyo moja wiki mbaya za mnada mmoja hufunikwa na wiki nzuri za mwingine. Anayelipa ushuru kwa kila gunia ana haki ya kupata angalau habari ya bei.

Wapo watakaosema kwamba mchuuzi wa kawaida hana haja ya hesabu hizi, anajua soko kwa uzoefu. Ni kweli kwamba mama mdogo alijua. Aliponiuliza alikuwa na wasiwasi na soko la juu, akasema bei za kule “zinarukaruka.” Mimi ndiye niliyemwondolea wasiwasi kwa wastani wangu. Kama ningegawa variansi mbili siku ile, ningeona namba zikimuunga mkono, na angebaki barabarani.

Sasa ameanza upya na magunia 12 kwa wiki. Juma lililopita alinionyesha daftari jipya, lina wiki 14. Aliniuliza kama zinatosha kuamua. Nilimjibu: “Bado, mama. Endelea kuandika.”